Msimamizi Si Mrithi: Maneno Yanayompokonya Mjane Haki Yake

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Aghalabu methali hii hutajwa mbele ya mwenye duka au mweka hazina wa chama cha ushirika. Waama, hapana mahali inapostahili kutajwa zaidi ya nyumba iliyofiwa. Katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Victoria, tangu Dunga na Usoma hapa Kisumu hadi Usenge, Kendu Bay na Mbita, siku za matanga huwa siku za maneno mengi na maandishi machache. Wazee huamua, mashemeji hupendekeza, kamati ya mazishi hukusanya michango, na aliyefiwa hunyamaza kwa kuwa msiba umemziba kinywa. Lakini hapo hapo ndipo karatasi za kwanza huandikwa: taarifa ya kifo, barua ya chifu, orodha ya walioachwa. Aliyetajwa katika karatasi hizo ana pa kusimama. Asiyetajwa huenda akatumia miaka mingi mahakamani akitafuta njia ya kuingia.

Wengi wetu hudhani kwamba mjane wa pande hizi hupoteza shamba kwa sababu sheria haimjui, au kwa sababu mila imemshinda nguvu. Ningependa kudai jambo jingine. Sheria inamjua, na mila yenyewe, ikisomwa vizuri, haikumwacha mtupu. Kinachompokonya ni maneno: maneno machache ambayo yeye hayaelewi, ambayo jamaa zake huyaelewa visivyo, na ambayo wasomi kama sisi hatujajishughulisha kuyafafanua.

Huwezi kuzungumzia jambo hili ukaacha kesi ya wakili S. M. Otieno. Marehemu alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa huku mawakili John Khaminwa, upande wa mjane, na Richard Kwach, upande wa ukoo, wakibishana. Hata mwanafalsafa Odera Oruka aliitwa kueleza mila za Waluo. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na tarehe 23 mwezi huo Otieno akazikwa Nyalgunga.

Somo ambalo watu wengi wa ufuo walilipata katika kesi ile ni kwamba mjane hana sauti mbele ya ukoo. Somo hilo lilizidi mipaka ya kesi yenyewe. Mahakama iliulizwa nani azike na wapi. Haikuulizwa nani atamiliki nyumba, shamba au fedha za marehemu. Kaburi na mali ni mambo mawili, na huongozwa na kanuni mbili tofauti. Mjane aliyeshindwa katika jambo la kaburi hajashindwa katika jambo la mali. Lakini ni wajane wangapi waliofungasha virago baada ya mazishi kwa kuwa waliambiwa kwamba kesi ya Otieno ilimaliza kila kitu?

Kuhusu mali tunayo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yako maeneo ambayo mashamba na mifugo yake viliachwa nje ya kanuni za sheria hiyo kuhusu marehemu asiyeacha wasia, kama vile Turkana, Narok, Kajiado na Garissa. Nchi ya Waluo haimo katika orodha hiyo. Shamba lililoko Seme, Nyakach au Karachuonyo linaongozwa na sheria ile ile inayoongoza shamba la Kiambu. Waislamu peke yao wana utaratibu wao, unaosikizwa na Kadhi. Basi anayemwambia mjane kwamba huku kwetu sheria hiyo haifiki anasema jambo lisilo na msingi.

Tuyachunguze sasa maneno yenyewe, na tuanze na lile lenye madhara makubwa kuliko yote: msimamizi.

Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja jinsi neno hili lilivyoundwa. Kutokana na kusimama tunapata kusimamia, yaani kusimama kwa ajili ya kitu au mtu. Na kutokana na kusimamia tunampata msimamizi. Kwa hiyo msimamizi wa mirathi ni mtu anayesimama kwa ajili ya wengine. Mahakama humpa hati ya usimamizi ili akusanye mali ya marehemu, alipe madeni yake, kisha awagawie wenye haki. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Jina lake likiandikwa kwenye hati, hakugeuka mwenye mali, kama vile karani wa benki asivyogeuka mwenye fedha anazozihesabu. Mrithi ni mwingine: huyo ndiye anayepokea.

Maneno haya mawili yakichanganywa, balaa huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa shemeji. Yeye huenda mahakamani, hupata hati ya usimamizi, kisha hurudi nyumbani na kutangaza kwamba serikali imempa shamba. Mlango wa pili ni wa mjane mwenyewe. Huletewa karatasi wakati wa matanga, akaambiwa, "Tia sahihi hapa ili ndugu yetu atusaidie kufuatilia mambo," naye hutia. Kumbe ametia sahihi ya kukubali kwamba mwingine asimamie mirathi badala yake. Yeye hakupoteza urithi kwa sahihi hiyo, lakini amekabidhi usukani kwa mtu ambaye huenda hakusudii kumfikisha ufukoni.

Sheria ilijaribu kuifunga milango hii. Kifungu cha 66 kinamweka mume au mke aliyebaki mbele ya jamaa wengine wote katika kupewa usimamizi. Anayeomba hati hulazimika kuwataja wake wote wa marehemu, watoto wake wote, wazazi na ndugu zake walio hai. Akimficha mmoja, hati yaweza kufutwa hata baada ya miaka. Ombi lenyewe hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Hati ikitolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na kabla ya kuthibitishwa hapana ruhusa ya kuuza ardhi. Nacho kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Neno la pili ni kurithi. Katika Kiswahili, na kwa kuiga Kiingereza, tumezoea kusema kwamba mjane wa Kiluo "hurithiwa". Tafsiri hii imepotosha mengi. Kwa Kiluo mjane huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Mwanamume anayekaa naye ni jater, jina litokanalo na kitenzi tero, chenye maana ya kuchukua au kupeleka. Katika maneno hayo hamna dhana ya kurithi mali. Mwanaanthropolojia Betty Potash, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluo na kuhariri kitabu kuhusu wajane wa Afrika mwaka 1986, alisisitiza kwamba mjane huyo huhesabiwa bado kuwa mke wa marehemu, na watoto atakaowazaa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Kwa mujibu wa mila yenyewe, basi, jater ni mgeni katika boma la mwenzake. Hapati shamba kwa kuingia humo.

Lakini tukishasema kwa Kiswahili kwamba "amemrithi mjane", msikilizaji huongeza mwenyewe: na aliyerithi mke amerithi na shamba. Neno limempa mtu kile ambacho mila haikumpa. Tena lina hatari ya pili. Sheria ya Urithi, kama ilivyoandikwa, ilisema haki ya mjane ya kuitumia mali ya mumewe hukoma akiolewa tena. Masharti hayo hayakumgusa mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mke, na yamepingwa mahakamani kwa misingi ya usawa uliomo katika Katiba ya 2010. Hata hivyo, fikiria karani au jamaa anayeandika kwamba mjane fulani "ameolewa" na shemejiye, ilhali kwa mila yeye ni chi liel na hajaolewa na yeyote. Kitenzi kimoja kilichotafsiriwa ovyo chaweza kugeuzwa silaha. Iwapo mjane anataka kukaa na jater, au hataki kabisa, ni hiari yake. Lisilo hiari ya mtu mwingine ni kulitumia jambo hilo kumwondoa shambani.

Neno la tatu ni mirathi lenyewe. Tulilipata kutoka Kiarabu pamoja na sheria ya Kiislamu, ambamo mjane mwenye watoto ana fungu lake maalumu la thumuni. Sheria ya Sura ya 160 hutumia mpango mwingine. Marehemu akiacha mjane mmoja na watoto, bila wasia, mjane huchukua moja kwa moja vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi ya binafsi, kisha huwa na haki ya kutumia mali yote iliyobaki maisha yake yote. Baada yake, mali hugawanywa sawa kwa watoto. Sheria inasema watoto, haikusema wavulana. Binti aliyeolewa Busia au Mombasa ni mtoto kama kaka yake aliyejenga simba bomani. Na palipo na wake wengi, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama yao kama mmoja wao.

Hapa Kiswahili chetu kinatutega tena kwa neno vyombo. Mke wa mvuvi akiambiwa kwamba vyombo ni vyake, atafikiria sufuria na vikombe, na pia mashua, kwa kuwa mashua nayo ni chombo. Sheria imetenga waziwazi gari na kitu chochote cha kazi au biashara ya marehemu. Kwa hiyo mashua, injini na nyavu si vyombo vya nyumbani. Ni mali ya kusimamiwa na kuorodheshwa. Hilo halimwondolei mjane faida yake: ana haki ya kutumia mapato yake kama anavyotumia shamba. Lakini yampasa azitaje katika ombi lake. Mashua isiyoandikwa popote huweza kuonekana leo Dunga na kesho ikawa ng'ambo ya pili ya ziwa, na jina jipya limepakwa ubavuni.

Kisha yako majina ya watu. Mluo hupewa jina kwa saa au hali ya kuzaliwa kwake: Otieno ni wa usiku, Odhiambo ni wa jioni, Okoth ni wa mvua. Juu ya hilo hupata jina la ubatizo na jina la baba. Tuseme marehemu ni Peter Otieno katika kitambulisho, Otieno Okoth katika hatimiliki ya shamba, na P. O. Okoth katika benki. Kijijini kila mtu anajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Katika karatasi hao ni watatu. Mjane atatakiwa alete hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba watatu hao ni mmoja. Na mara nyingi hatimiliki haina jina la mume hata kidogo, bali la baba yake au la babu, aliyesajiliwa wakati mashamba yalipopimwa. Hapo mirathi ya babu hufunguliwa kwanza, ndipo ya mume ifuate. Wanandoa walio hai wangeweza kuyasawazisha mambo haya kwa siku chache. Mjane huyasawazisha kwa miaka.

Basi njia yenyewe inakwendaje? Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa. Kikitokea nyumbani, naibu wa chifu ndiye huandika taarifa. Kutokana na taarifa hiyo hupatikana kibali cha mazishi, na baadaye cheti cha kifo kutoka kwa msajili. Mjane na akiombe mapema, ahakikishe kwamba majina yamelingana na kitambulisho, na atunze nakala zilizoidhinishwa. Pili, apate barua ya chifu inayowataja wote walioachwa, aisome au asomewe kabla haijapigwa muhuri. Tatu, akusanye uthibitisho wa ndoa. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, na kanuni zilizofuata mwaka 2017, ndoa ya kimila inaweza kusajiliwa na kupewa cheti. Wale waliotoa ayie na mahari wakaridhika na ushahidi wa wazee wakumbuke kwamba wazee nao hufa. Na wale walioishi pamoja bila ndoa yoyote wajue kwamba mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa ya kudhaniwa itakubaliwa katika hali chache tu.

Nne, ombi lipelekwe mahakamani. Si lazima liwe Mahakama Kuu. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkuu aweza kusikiza mirathi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 20, na mali za watu wengi wa kawaida zimo ndani ya kiwango hicho. Ikiwa wako watoto wadogo, wasimamizi wanapaswa kuwa wawili au zaidi. Mjane amchague wa pili kwa makini, awe mtu atakayeulizwa na kujibu. Anayekosa kabisa wa kumsaidia aweza kumwendea Mdhamini wa Umma.

Nawageukia sasa walimu wenzangu. Sisi ndio tunaowasomea majirani barua zao, lakini karatasi zetu wenyewe zimelala. Fedha za malipo ya uzeeni katika mifuko mingi, na akiba katika vyama vya ushirika, kwa kawaida hazipitii mirathi; hulipwa kwa kuongozwa na jina ulilolijaza katika fomu ya uteuzi. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa kijana asiye na mke alijaza jina la mama yake au la kaka yake. Ameoa, amezaa, watoto wamefika sekondari, na fomu ingali vile vile. Siku akifa, chama kitafungua faili na kulikuta jina la zamani. Je, ni nani atakayelaumiwa? Fomu hiyo hubadilishwa kwa dakika chache katika ofisi ya chama.

Wasia nao ni vivyo hivyo. Unahitaji maandishi, sahihi ya mwenyewe, na mashahidi wawili. Wasia wa mdomo hukubaliwa pia, mradi umetamkwa mbele ya mashahidi wasiopungua wawili na msemaji afariki ndani ya miezi mitatu. Wengi huogopa kwamba kuandika wasia ni kukiita kifo. Kifo hakisubiri kuandikiwa. Wako pia wanaosema kwamba karatasi hizi zitavunja udugu, kwamba tangu zamani ukoo ulitunza wajane bila mahakama. Sina nia ya kuibeza hoja hiyo. Ukoo ulitunza kweli, na bado wako mashemeji waungwana. Lakini zamani ardhi haikuuzwa kwa wageni, wala haikuwekwa rehani benki. Shamba lilipopata hatimiliki, ahadi ya kumtunza mjane nayo ilihitaji kuandikwa. Shemeji mwema hapotezi chochote kwa maandishi. Yanamlinda yeye pia dhidi ya tuhuma.

Linabaki jambo la lugha, ambalo ndilo taaluma yangu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katika mahakama za chini Kiswahili kimeruhusiwa tangu zamani. Hata hivyo, fomu za mirathi zilizowekwa na kanuni za mwaka 1980 ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mjane wa Nyakach huapa kwamba yaliyomo ni kweli huku hajui yaliyomo ni nini. Kiapo cha namna hiyo ni kiapo gani?

Fomu hizo zitafsiriwe kwa Kiswahili sanifu, na maelezo yake kwa Dholuo, na watafsiri wawe ni watu wanaojua kwamba msimamizi si mrithi, kwamba jater si mume mpya, na kwamba mashua si sufuria. Hadi hapo zitakapotafsiriwa, kazi ni yetu. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha uandishi wa barua rasmi afundishe pia barua ya kumwomba chifu awataje walioachwa. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi atumie kusimamia na kurithi kuwa mifano yake. Na mwanafunzi atakayerudi nyumbani likizoni aombe kuiona hatimiliki ya shamba, ayasome majina yaliyomo kwa sauti, na awaulize wazazi wake, wangali hai wote wawili, kama majina hayo ndiyo yao.